Bei ya Jirani

Chechelesi, Isiolo
Jumapili, 6 Julai 2025

Mama yangu mpendwa,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza maumivu, na bado unamgombeza kila anayekushika mkono ili uinuke. Sisi huku hatujambo. Vumbi la Julai linaingia mpaka kwenye chai, lakini afya tunayo, alhamdulillahi. Zeinab mdogo wangu, wewe unayesoma, soma polepole na usiruke mahali, hata Mama akikuambia unyamaze.

Mama, ningepiga simu, lakini nakujua, ungenikatia. Ndiyo maana nimempa barua Jennifer, yule anayefuata vitunguu huko Kinna, ikufikie kabla ya Jumatano. Siku hiyo Mzee Muiruri anakuja kununua mbuzi wa hoteli yake, na amesema atapita kukusalimia. Ana jambo langu mkononi. Alitaka nimpunguzie bei ya kazi ili anyamaze, nikakataa, kwa hivyo utalisikia kwangu kwanza.

Muiruri unamkumbuka, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuletea uji ulipokuja Idd. Nyuma ya hoteli yake kuna mgunga mkubwa. Mchwa wamekula shina upande mmoja, na tangu upepo uanze umeinama juu ya jiko lao. Chifu ameshampa ruhusa. Wiki iliyopita akaniita mimi niukate.

Ndiyo, mimi. Kama umeinuka, kaa tena. Lile duka la nguo lilifungwa miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nakata miti kwa msumeno wa petroli. Aliyenifundisha ni Lokaale, mzee wa Kiturkana aliyefyeka miti ya barabara miaka mingi. Mwaka mzima alinivutisha kamba tu kabla sijaruhusiwa kuwasha injini. Dawa ya goti lako inatoka huko. Mwanzoni watu walinicheka, siku hizi wananitafuta.

Basi nikauzunguka ule mgunga mara tatu. Mti ulioliwa na mchwa ni mwongo, unaweza kumgeukia anayeukata. Unataka watu wawili kwenye kamba, tena waliolipwa vizuri, wasiwe na haraka ya kukimbilia kibarua kingine. Nikamwambia mzee elfu kumi na mbili. Humo ndani yumo Lokaale, yumo Luke wa pale gereji, imo petroli, kuna kukatakata magogo, na mimi mwenyewe. Kuni zote zibaki kwake, na hizo atapikia miezi mitatu.

Mzee alishika kichwa. Akaniuliza kama siku hizi ujirani umekufa. Akanikumbusha maji ya bomba lake niliyochota mwaka wa ukame, na ni kweli nilichota, na shukrani nilitoa. Akasema bei ya jirani ni elfu nne, watu wawili wa nini, nifunge tu kamba kwenye nguzo ya ua. Nikasema hapana. Ndipo macho yake yakatua kwenye mpini wa msumeno wangu, uliovishwa ngozi ya mbuzi na kushonwa kwa uzi mwekundu. Akasema taratibu kwamba huo anaujua, umempasulia kuni miaka mingi, na anajiuliza kama mama yangu ana habari kwamba bado uko Isiolo. Lakini kwa elfu nne, akasema, yeye hajaona kitu.

Ni ule wa Umuro, Mama. Ngozi ile aliishona kaka yangu huyo kwa mkono wake. Tulipomzika uliniagiza niuuze, usilale chini ya paa la mtoto wako yeyote kwa sababu una mkosi. Nikakuletea elfu kumi na nane nikasema ndiyo bei yake. Ilikuwa bei ya mbuzi wangu watatu. Nilikudanganya, na kwa uongo huo nakuomba radhi.

Muiruri alidhani amenishika. Nikamwambia, "Mzee, bei ni elfu kumi na mbili. Kwa Mama nitafika mimi kwanza." Alicheka, kisha akaudhika, akasema tutaona huko Kinna. Kesho yake asubuhi mkewe Wangui akaja na elfu sita za mwanzo, amezifunga kwenye leso. Yeye ndiye anayesimama chini ya mti ule tangu alfajiri akikaanga mandazi. Hakubishana hata shilingi moja. Tunaukata Jumamosi.

Ningeweza kumalizia hapa, na mkono wangu unataka sana kumalizia hapa. Lakini nimeshaanza kufungua, wacha nifungue yote. Hili Muiruri halijui, wala mtu mwingine.

Ule mti wa Kiwanjani uliomwangukia Umuro ulikuwa wa rafiki yangu Bisharo, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba Umuro alitaja elfu nane, na ndani yake watu wawili wa kamba. Bisharo hakulalamika, alisema atazitafuta. Ni mimi niliyemwendea kaka yangu nikamwambia asinitie aibu, huyo ni jirani, amfanyie kwa elfu mbili. Alikataa. Nikamnunia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Haya Tuye, kwa ajili yako." Kwa elfu mbili hakuweza kumwita mtu. Alifunga kamba kwenye nguzo ya ua akakata peke yake, na nguzo ikang'oka.

Miaka minne nimekusikia ukiulaani msumeno, nami nikanyamaza, kwa sababu ulipoulaani msumeno hukunilaani mimi. Msumeno haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa bei, na bei ile niliitaja mimi. Naona aibu, Mama, na ninamlilia kaka yangu hata ninapoandika haya.

Sasa unajua kwa nini sishuki. Mtu akinitajia bei ya jirani, naiona ile nguzo. Nakuomba unisamehe, na ukihitaji muda, chukua muda wako. Kitu kimoja tu usiniombe, niache kazi hii, kwa sababu sitaacha. Nitakata, nitataja bei yangu, na watu wawili watakuwa kwenye kamba hata kama mwenye mti ni wewe.

Nisalimie dada Habibo na wanawe, na majirani wote wanaoniulizia. Muiruri akifika Jumatano mpe maziwa, ni mgeni wako na si mtu mbaya. Mwambie tu kwamba umeshasikia. Kisha Ijumaa panda gari na Jennifer uje. Kama una neno la kunigombeza nigombeze, ila ungoje mti uwe umelala chini. Kiti chako nitakiweka nyuma ya Lokaale na Luke, uwaone wakishika kamba.

Wasalaam,
mwanao,
Tuye