Mazingaombwe ya Kutia Mfukoni

Mkunazini,
Mji Mkongwe, Unguja.

Mdogo wangu Haroub,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakufika mkononi ukiwa mzima, bahari imetulia na chakula cha melini kinapita kooni. Vipi mgongo? Mara ya mwisho ulinambia joto la chumba cha mashine linakuchosha kuliko kazi yenyewe. Kunywa maji kwa wingi, na usilale na nguo mbichi. Ukitaka khabari zangu, mimi mzima, alhamdulillahi, ila magoti yananigomea kwenye ngazi. Mama naye ni mzima wa mwili. Anakula, analala, anasali hata pasipokuwa na wakati wa sala. Khabari zake nitakueleza huko mbele kwa utaratibu. Tafadhali usiruke kurasa.

Anayekupa barua hii ni Makungu, mtoto wa Bi Tahiya wa nyumba ya jirani. Amepata kazi kwenye meli yenu na anakwenda kuipandia Durban. Nimempa na kibahasha, ndani mna flashi ndogo kama kidole gumba. Mazingaombwe yako yote yamo humo. Lile sanduku la kanda na diski, ambalo lilikuwa haliinuki ila kwa watu wawili, sasa unaweza kulitia mfuko wa shati ukapanda nalo ngazi za meli. Ulitaka kitu utakachokiangalia hata mkiwa katikati ya bahari na mtandao hakuna, uwaoneshe wenzako mambo na wewe usichakae vidole. Ndicho hicho. Kila somo nimelipa jina mwenyewe kwa ninavyoona: Sarafu Inayopotea, Kamba Iliyokatwa Ikaungana, Mwanamke wa Yai. Jina likiwa halikukaa sawa nisamehe, maana Kiingereza changu ni cha dukani.

Labda ulidhani ni kazi ya siku moja. Na mimi nilidhani hivyo. Nilipolifungua sanduku nikakuta kanda zimeota ukungu mweupe kama zimenyunyiziwa unga, hasa zile alizokuachia mzee wa Kitaliana wa hoteli ya Kiwengwa alipoacha kupanda jukwaani. Nikauliza mji mzima, kila fundi ananicheka, deki ya kuchezea kanda hata kuiona hawajaiona. Mwisho nikaelekezwa Mpendae kwa mtu mmoja anaitwa Mbarouk, mtu mzima, mkewe alishafariki, zamani akitengeneza redio na sasa anatengeneza chochote anachopelekewa. Akaishika kanda, akaipuliza, akaniuliza ndani mna nini. Nikamwambia ukweli kwamba ni mafunzo ya mazingaombwe. Haroub, aliiweka mezani kama iliyomuunguza.

"Bi Bashira," akasema, "mimi mambo ya kichawi simo. Nna wajukuu."

Nikacheka pale pale dukani, na nilikuwa sijacheka muda mrefu. Nikamweleza kwamba uchawi haumo, ni vidole tu na macho ya watu, hapaitwi kitu wala hapasomwi kitu. Nikamwomba aitie kidogo aone. Akaitia huku amesimama karibu na mlango, tayari kwa kutoka. Mwalimu wa kwenye kanda akaipoteza sarafu, kisha akaugeuza mkono na kuonesha ilipojificha. Mbarouk akarudi akakaa. Akairudisha nyuma akatazama tena. Akasema, "Kumbe tunadanganywa kwa kidole cha pete!" Tangu hapo kazi ikawa yake, na hakutaka tena kusikia khabari ya kumpelekea mtu mwengine.

Alinifahamisha kwamba kanda haiharakishwi. Ya saa moja inahamishwa kwa saa moja, na lazima mtu akae nayo, kwa sababu kanda kongwe hunata ikakatika. Yeye ana wateja wake, na mimi siwezi kumwacha Mama nikakae Mpendae. Basi akaleta deki yake na kompyuta, na kidude cha kuviunganisha, akavipanga ukumbini kwetu juu na kuviunga na TV, pale lilipokuwa kabati la vyombo. Akanifundisha kuufuta ukungu kwa pamba na spiriti, polepole, na vitufe vya kubonyeza. Baada ya hapo akawa anapita siku nyengine baada ya Alasiri, mlango tunauacha wazi, anakunywa kahawa, anakagua nilichokifanya, anaaga. Ni mtu wa adabu. Siku hizi ni yeye peke yake anayeniita kwa jina langu.

Kazi yenyewe imenionesha mengi. Umeme ukikatika katikati ya somo, naanza upya. Kanda nyengine zilikuja bila ya sauti, nyengine zina sauti na picha imegeuka mvua. Waalimu wako nimewazoea kama watu wa ukoo. Yule mzee mwenye mikono inayotetemeka, ambaye ukimtazama unasema leo atadondosha, na hadondoshi. Yule mwanamke anayecheka kabla yai halijatoka. Maneno yao siyafahamu, lakini mtu anayekufundisha kitu kwa upole unamjua kwa sauti. Na nyumba hii, Haroub, haina sauti tena. Wapangaji wa chini walihama lilipoanza dari kuvuja. Nyumba ya Bi Tahiya imebaki peke yake, zilizobakia zote za mtaa wetu zimekuwa za wageni, na ninachosikia dirishani ni magurudumu ya masanduku yao yanagonga mawe, yanakwenda, yanarudi. Kwa hiyo mtu akinitazama kwenye kioo cha TV, akanionesha kiganja kitupu kana kwamba ananiomba nimwamini, nlikuwa namjibu. Nlikuwa nasema ndiyo, nimeona. Kanda ikimalizika na deki ikanyamaza, nilikuwa nakaa pale pale kwa muda, sijui niende chumba gani.

Sasa khabari za Mama.

Ulipoondoka alikuwa ameanza kusahau, ukaona mwenyewe anatia chumvi mara mbili na kumwita Makungu kwa jina la baba yake. Hayo yamezidi. Alikuwa hapendi kukaa ukumbini, akishinda chumbani kwake amelielekea dirisha. Siku moja natia kanda za yule kijana mwembamba mwenye masharubu, yule wa karata, nikasikia kandambili zake nyuma yangu. Akasimama akiitazama TV. Yule kijana akainua uso akasema kitu, kama wanavyosema wote kabla ya kuanza.

Mama akaitika, "Naam, baba!"

Kisha akanigeukia, uso umemng'ara, akanambia, "Haroub karudi."

Nikamwambia Mama, huyo si Haroub, huyo ni mtu wa ng'ambo anafundisha karata. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyesahau. Akaketi. Akamtazama mpaka mwisho, na kila karata ikitoka pasipotegemewa alikuwa anapiga mapaja na kusema, "Haroub weye! Haroub weye!" kama alivyokuwa akikwambia ulipokuwa ukiyafanya hapo hapo ukumbini na yeye anajifanya amekasirika.

Sikumbishia tena. Ikawa kila siku akimaliza kuoga anauliza kama Haroub ameshakuja, nami naitia ile kanda. Anamuuliza kama amekula. Anataka awekewe chakula, basi nampakulia sahani naiweka mbele ya TV, wali na mchuzi, na kipande cha samaki kilicho bora kuliko changu. Kijana anaendelea na karata zake. Akishalala Mama, sahani ile naila mimi, imepoa.

Usidhani namwonea kijicho yule mtu wa kwenye TV. Ninachokiona kigumu ni kwamba mimi sikupata kwenye kanda mtu wa kunifanania. Mimi naitwa bibi. "Ahsante bibi, Mungu akulipe," ananambia nikimvisha. Siku moja aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia hapa hapa. Akasema, "Mbona mwenyeji mwenzetu sikujui?" Akanikaribisha nikae, nisione haya. Nikakaa.

Vidole vyangu navyo vilishaanza kushika yale masomo bila ya mimi kuyataka. Nikajaribu na sarafu. Nikaipoteza mbele yake, nikaitoa nyuma ya sikio lake. Alishangaa mpaka akanishika mkono, akaugeuza kuutafuta ujanja. Alikuwa hajanishika mkono kwa hiari yake muda mrefu, na mimi niliuacha pale kwake. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema Haroub. Akasema, "Basi huyo ni mwanangu," na akanipa peremende aliyokuwa ameificha kwenye pindo la kanga kwa ajili yako.

Mwezi uliopita alishikwa na kizunguzungu tukampeleka hospitali. Akawakatalia wote, akalia, akamsukuma daktari. Mbarouk, ambaye ndiye aliyetupeleka, alikuwa ameshanihamishia lile somo la karata kwenye simu. Nikaifungua nikaishika mbele ya uso wake. Akatulia. Akanyoosha mkono wake wapimwe, macho hayabanduki kwenye simu. Nikiwa nimesimama pale nimeinua ile simu, mkono umekufa ganzi, ndipo nilipojua kwamba lazima nikuandikie, wala nisikupigie, kwa sababu kwenye simu ungenikata maneno kwa maswali na mimi ningepunguza.

Haya ndiyo ninayoogopa kuyasema, na ndiyo sababu ya barua yote hii.

Zile picha zako ulizonitumia kabla ya Idi, ulizojirekodi kwenye sitaha umevaa ovaroli la kazi unaifanya ile kamba, ukamaliza kwa kusema, "Mama, nakuja karibuni," umeniuliza kila ukipiga kama Mama ameziona na amesema nini. Mara nlikwambia amelala, mara nlikwambia TV mbovu. Haroub, aliziona siku ile ile zilipofika. Nlimpamba, nikamketisha, nikamwambia leo utamuona mwanao mwenyewe, kanenepa, ana mvi kidogo. Nikaiweka simu mbele yake.

Akakutazama kidogo. Kisha akaivuta kanga akajifunika kichwa na nusu ya uso, kama anavyofanya akipita mwanamme asiyemjua. Akaninong'oneza, "Bibi, mwambie huyo baba atoke, humu ndani mna wanawake."

Ulipofika pale unapomwita, alishageuza uso ukutani.

Nimekuwa nikiyabeba maneno hayo peke yangu tangu Idi. Mbarouk sikumwambia, Bi Tahiya sikumwambia. Nlikuwa najiuliza, nikikuficha utabaki na mama, na nikikwambia nitakuwa nimekunyang'anya. Lakini juzi umeniuliza kama utie saini mkataba mwengine au urudi, ukasema kama Mama yuko vizuri na anakukumbuka basi utaendelea. Kwa swali hilo siwezi tena kusema TV mbovu.

Mimi nakuomba urudi. Sikwambii kwa ajili yake, maana yeye mwanawe anaye, anakuja kila siku akimaliza kuoga, hazeeki na hachelewi. Nakuomba kwa ajili yako, umuone angali anatembea. Na kwa ajili yangu, kwa sababu hakuna mtu mwengine duniani aliyebaki anayekumbuka kwamba mimi ni mtoto wa nyumba hii.

Ukija usipande ngazi mbio ukamkumbatia, atapiga kelele na utaumia. Bisha hodi chini kama mgeni. Nitakuitikia karibu. Atajifunika, mwache ajifunike. Amkia, keti mbali kidogo, kunywa kahawa utakayopewa. Wageni bado anajua kuwapokea, Haroub, hilo halijamtoka. Atakuuliza njiani ulikuja vipi, na atanambia nikuongezee sukari. Kisha itoe kamba yako taratibu uifanye, usiseme kitu. Sikuahidi kwamba atakujua. Lakini atacheka, na wewe utakuwepo.

Mbarouk anakusalimu, anasema ile karata ya nne bado haijamwingia akilini na atakungoja umfahamishe. Bi Tahiya anakusalimu na anakuomba umtazame Makungu, hajazoea bahari. Paka wa ngazini amezaa. Salamu za Mama sina za kukupa, na sitaki tena kukutungia. Zangu nakupa zote.

Ni mimi dada yako,
Bashira