Adélaïde Iko Bado Katikati ya Ziwa

Jumatatu, 19/2/2024

Adélaïde iko bado katikati ya ziwa. Tangu mbele ya Kwaresima nilimuacha mule — mutumbwi, pagaie moja ya kupigia maji, ukungu. Alitoroka kisiwa cha Idjwi ju baba yake alitaka kumuoza kwa muzee wa meno mawili. Anakuja Bukavu. Hafiki! Mimi njo naandika hii roman, hii hadithi ndefu, mimi njo napashwa kumufikisha, na sina hata neno.

Asubuhi hakukuwa muteja. Nilikaa ndani ya kiti cha salon yangu ya kunyolea, cahier ya kuandikia kwenye magoti, nikaangalia ziwa kule chini ya Kadutu. Jeupe. Huwezi kujua maji inaishia wapi na mawingu inaanzia wapi. Nikalala. Nikamuona. Hata salamu hakunipa. "Papa Théodore, mikono inaniuma. Utaniacha humu mupaka lini?" Nikaamka na bic kati ya vidole na wino kwenye shavu.

Mimi! Coiffeur wa kwanza wa Bukavu nzima! (Hii si bongo, si uongo. Ni mawazo yangu.) Mimi mwenye nilivuka lile ziwa nikiogelea, na mbuzi kwenye mabega —

Hapana. Nafuta. Nilivuka na bateau. Mbuzi ilikuwa ya mutu mwingine.

Matatizo njo hii. Siku ya Majivu nilipiga magoti, nikamuahidi Mungu: dada yangu mukubwa, yaya Bibiane mwenye kulazwa na uvimbe wa tumbo, akipona, mimi sisemi bongo hata moja mupaka Pasaka. Wengine wanaacha bière. Bière ni rahisi! Mimi nilitoa kitu kikubwa chenye niko nacho. Sikufikiri roman. Na roman ni nini? Ni bongo yenye kurasa! Nikitaka kuandika "Adélaïde akaona taa", mukono unasimama. Taa gani? Adélaïde gani? Mutu kama huyo hayuko. Na Mungu anaangalia.

Jumatano, 21/2

Salon imekuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Hugues, muuza samaki ndogo za sambaza, anakuja kunyolewa ju ya hadithi tu — nywele hana. Leo alikaa, akangoja. Mashine ya tondeuse inavuma. Akachoka kungoja. Eti, Tonton, leta basi ile ya colonel mwenye ulinyoa akiwa usingizini mupaka akaamka bila ndevu. Nikamuambia: alikuwa macho. Na hakuwa colonel, alikuwa mulinzi wa depot.

Hugues akanitazama ndani ya kioo.

"Tonton, enda kupima malaria."

Nilipofunga nikapitia kwa abbé Lucien, padri wetu. Yeye anasema hadithi si uongo, ju mwenye kusoma anajua ni hadithi. Niandike tu kwa amani. Abbé ni mutu wa masomo mingi, mimi niliachia mu ya tano primaire, lakini hajui nguvu ya bongo yangu! Kule hospitali ya Katana, kwenye yaya amelazwa, salle nzima ya wamama wagonjwa walimupigia Adélaïde rozari ju ukungu umuondokee. Walimuombea mutu mwenye hayuko! Kama hiyo si bongo, ni nini?

Alicheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 23/2

Mvua. Niliandika neno moja: "Halafu". Nikaliangalia mupaka saa ya kula. Ni neno zuri, halina zambi. Lakini haliendi popote.

Jumapili, 25/2

Katana. Kila Jumapili napeleka yaya ugali, sambaza, na kurasa mpya. Yaya Bibiane njo alinifundisha herufi, na kijiti, ndani ya majivu ya jiko letu, mimi nikilia na yeye akinipiga. Kila kitu chenye niliandika, yeye njo wa kwanza kusikia.

Leo nilileta ugali na sambaza.

Maman Lucie wa kitanda cha pembeni hakungoja hata nikae. "Adélaïde alishafika?"

"Bado. Sikuandika."

Yaya akaanza kucheka, anashika tumbo ju ya ule uvimbe. "Théo, wewe ukose la kusema? Ulianza kusema bongo mbele ya kutembea!" Wamama wote wakacheka. Wakaendelea kucheka, na yeye alikuwa ameshaacha. Ananiangalia.

Akanivuta na mukono wa shati.

"Umemuzamisha."

"Hapana, yaya."

"Alikufa, na unaogopa kunisomea mbele ya operesheni yangu."

"Hapana! Sijaandika tu."

"Basi docteur alikuambia kitu."

"Hakuniambia kitu kibaya. Ni kweli, yaya, kweli tupu!"

"Théo. Mutu wa bongo tangu utoto, leo ananiletea kweli tupu. Nitaiamini namna gani?"

Akageukia ukuta. Kisha akasema, polepole, salle yote isikie: "Jumanne wachukue mugonjwa mwingine kwa operesheni. Mimi siingii mule."

Inje kwenye couloir, Rosette, infirmière mwenye kuwatunza wagonjwa, akaniambia uvimbe unakua, hautangoja. Papa, umusemeshe dada yako. Nimusemeshe! Kinywa changu njo kimeleta hii yote, kwa kunyamaza.

Jumatatu, 26/2

Sikurudi Bukavu. Nimelala kwa binamu, na asubuhi nikashuka kwenye maji.

Ukungu. Sauti ya pagaie bila mutumbwi. Nilikaa kwenye jiwe na cahier. Nikiandika, navunja ahadi, na Mungu anaweza kumuchukua yaya. Nikiacha, yaya haingii, na uvimbe unamuchukua. Niligeuza-geuza mupaka kichwa kikawa chepesi kama pamba. Sijui kama nililala. Macho ilikuwa wazi, hiyo naweza kuapa.

Adélaïde alikuwa karibu sana. Maji inamutiririka kwenye nywele, kitenge kimeshikamana na mwili. Alikuwa anatetemeka.

"Eti unawaambia watu siko?"

"Ni kweli, hauko," nikasema.

"Na hii baridi, nani anaisikia?"

Nilivua koti. Nikalinyoosha mbele yangu, juu ya maji, kama mujinga. Muvuvi mumoja alipita akaniuliza kama nauzisha.

Jumanne, 27/2

Niko kwenye banc ya couloir, mbele ya mulango wa operesheni. Naandika.

Asubuhi Rosette alikuja na kitanda cha magurudumu. Yaya alikuwa ameshika vyuma vya kitanda chake, mikono miwili. "Nilishasema." Docteur anangoja. Maman Lucie anaomba kwa sauti. Na mimi nikafungua kinywa. Hata cahier sikufungua.

"Ukungu," nikasema, "ulianza kuwa mwembamba, kama maziwa yenye kutiwa maji."

Yaya akageuza kichwa.

Mungu anisamehe ao asinisamehe. Niliendelea. Adélaïde haoni kitu, lakini anasikia ngombe. Ngombe haikai ndani ya maji! Anavuta pagaie. Malengelenge ya mikono inapasuka. Anasikia watu wanafua, nguo inapigwa kwenye jiwe. Wamama walitoka kwenye vitanda, mumoja na chupa ya serum mukononi. Rosette alisahau docteur. Halafu, kule mbele, mutu akaita: Adélaïde! Jina lake, mara mbili. Na kule hakuna mutu anamujua.

"Nani anamuita?" Yaya akauliza.

Nikanyamaza. Sijui kama ilikuwa akili ao nilikosa neno.

"Nani, Théo?"

"Maman Bibiane, saa imepita," Rosette akasema.

Yaya aliniangalia. Aliachia vyuma. Akapanda ile charioti yeye mwenyewe, akajifunika. "Mujinga wewe," akasema. "Usimufikishe bila mimi."

Mulango wa operesheni ukafungwa.

Maman Lucie amekuja mara ingine kunichoma na kidole: utuambie sisi wenye tuko hapa, ni nani anaita? Nimemufukuza. Maana sasa najua! Maneno inakuja kama sambaza kwenye taa, yote pamoja, inarukiana. Najua ni nani anaita. Najua amevaa nini. Najua atamuambia nini akimushika mukono. Bic inataka kwenda peke yake.

Mulango umefunguka — ni mama wa kupiga deki tu, na ndoo. Umefungwa tena.

Polepole, Adélaïde. Polepole na hiyo pagaie.