Kalamu Yenye Kuvunjika Ndani ya Maji

Dzaleka, 27 Juni 2022

Papa yangu mpenzi,

Salamu alekum. Uko muzima? Mugongo iko aje? Mi niko muzima, homa iliniacha wiki iliyopita. Simu yangu haupokei tangu nilikataa kuja kuuza vitenge katika duka yako, kwa hiyo barua nampa rafiki yangu Mamy, anakuja huko Lilongwe kununua nguo za kuuza.

Papa, Alhamisi tarehe 7 enspekta anakuja kuniona nikifundisha darasa la sita. Nikifaulu, ananiandika mwalimu kabisa. Nikishindwa, ile ahadi yetu iko pale pale: nafunga mizigo, nakuja kwako Mchesi. Somo ni namna mwangaza unapinda kati ya maji na hewa. Naomba kitu moja tu: glasi ya kuona ndani, batoto baone kalamu inavunjika ndani ya maji. Hapa kambini kila mtu iko na kikombe cha plastiki ya rangi.

Mtoto wako,
Mauwa

Mchesi, 5 Julai 2022

Mauwa mwanangu,

Alekum salamu. Mugongo ni ule ule, tumezoeana.

Barua nilisoma mara mbili. Kalamu zenu zinavunjika ndani ya maji? Na nani alikwambia kutia kalamu ndani ya maji? Kwetu Kindu tulikuwa tunaloweka mihogo, si kalamu. Nakutumia kalamu kumi na mbili za mbao ngumu, hizi hazitavunjika hata ukizitupa mtoni. Chumba chako hapa nilishakipaka rangi.

Papa yako,
Djuma

Dzaleka, 8 Julai 2022

Papa,

Natumaini uko na afya. Mi niko na afya, lakini niko na hasira, na ninaiandika wazi.

Mamy alinipa mfuko Jumatano jioni. Nilitoa kalamu moja moja mpaka ya kumi na mbili, nikatafuta glasi mpaka chini kabisa. Nililia. Halafu nikatafuta njia ingine. Unakumbuka koti uliacha hapa? Nilikata kifungo yake moja ya chuma, nikaibandika chini ya bakuli na kipande ya nsima, ugali ya hapa, isitembee. Jana darasani, mbele ya enspekta, batoto bakarudi nyuma kidogo kidogo mpaka ukingo wa bakuli ukaificha. Nikabaambia basimame hapo hapo, nikamwaga maji pole pole. Kifungo ikaonekana. Nikabaeleza: mwangaza wenye unatoka kwa kifungo unapinda ukitoka ndani ya maji, njo unafika kwenye macho yenu. Batoto tisini na moja, bakakuja kuangalia batatu batatu; ba nyuma bakaanza kusukumana.

Enspekta akasema nimeisogeza kwa kidole. Izere, binti wa jirani yetu Mukakarangwa, akamwambia, "Bwana, mwalimu hakugusa. Kuja uone mwenyewe." Mzee wa watu akapiga magoti kwenye vumbi, akaangalia. Akaandika kitu, akaenda. Jibu bado.

Nakuuliza, Papa: kweli haukuelewa?

Mauwa

Mchesi, 12 Julai 2022

Mwanangu,

Salamu. Idi nilikula peke yangu, nyama ilibaki.

Nilielewa. Nilielewa mara ya kwanza kusoma. Glasi nilikuwa nimeshaifunga ndani ya gazeti. Mamy akiwa anangoja mlangoni, nikaitoa, nikaweka kalamu, nikajifanya mjinga wa lile neno "inavunjika". Nilitaka ushindwe. Tangu mama yako alikufa, nyumba hii iko kimya, nikaona ukishindwa utakuja. Huo njo ukweli, na aibu ni yangu.

Jana nilitia kalamu ndani ya glasi, juu ya meza ya duka. Mteja mmoja wa mtaa wa Area 25 akasema, "Mzee, kalamu yako imevunjika." Nikaitoa, nikamwonyesha iko nzima. Yeye akacheka. Mi sikuweza.

Nakutumia glasi yenyewe. Hata enspekta akikukataa, usije kwa sababu ya ahadi. Ahadi mimi njo niliiharibu.

Papa yako

Dzaleka, 20 Julai 2022

Papa yangu,

Uko muzima? Mi niko muzima. Glasi ilifika bila ufa. Nimefaulu, karatasi ilikuja jana. Chini enspekta ameongeza kwa mkono: niendelee na bakuli, sababu kila mtoto iko nayo nyumbani.

Ile barua yako iliniuma, na bado inauma. Lakini chumba usimpe mtu. Wiki ijayo shule inafunga, nitakuja kukaa na wewe likizo yote. Koti nitakuletea, kifungo nimeshaishona.

Ijumaa, kisha sala, nitakupigia simu. Upokee.

Mtoto wako,
Mauwa