Namshuku Shemeji kwa Springi ya Kushoto

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye naombwa, maana kuanzia Nambambo mpaka Nanganga hakuna injini ambayo haijawahi kunisikia nikikohoa ikawaka yenyewe, na hata shule niliiacha njiani kwa sababu mwalimu alikuwa ananiuliza mimi. Sasa juzi nimefungua springi za mbele za gari langu hapa nyumbani nibadilishe shokapu, na shemeji yangu Kassian, kaka wa mke wangu, akatoka Ruangwa kuja kunisaidia bila kuitwa, na hapo ndipo nilipoanza kumwangalia, mtu gani anapanda basi kuja kujipaka grisi bure? Yeye akafunga kulia, mimi kushoto, tukashusha jeki, gari likainama kushoto kama mtu anayeumwa jino, na nikikata usukani springi inalia ngo! Nikamuuliza, "Shemeji, umenifanyia nini?" Akacheka, "Shemeji, si kila mtu kafunga upande wake?" Umeuona ujanja huo? Upande wake umekaa sawa, maana yake alijua kabisa pa kuharibu. Na chai aliikataa! Nataka kumshtaki kwa wakwe Jumapili, lakini mke wangu Lusiana anasema nikithubutu anarudi kwao Chinongwe. Nifanyeje? Ila, mshauri, wakati nalegeza kile chuma cha kubania springi niliogopa isinirukie, nikafumba macho. Kidogo tu.

Mjomba wa Nambambo

JIBU: Mjomba, pole kwa gari. Kwa shemeji sikupi pole. Mtu kaja kukusaidia, wewe unampeleleza kwa kikombe cha chai! Nimeuliza mafundi: ncha ya springi lazima igote kwenye kile kituo, kijishimo cha kuizuia kwenye sahani ya shokapu, na raba yake ikae vizuri. Yako imeteleza nje ya kituo, ndiyo maana gari limeinama, na huo mlio ni springi inahangaika kutafuta pa kukaa. Kassian hakuigusa hiyo. Ulifunga wewe, tena hukuwa unaangalia.

Gari usilitoe hata kwenda sokoni. Kikao cha Jumapili kifute. Leo hii mpigie Kassian, Lusiana akiwa anasikia, umwambie, "Shemeji, nilikosea, naomba urudi." Springi msiibane kwa kamba wala waya, ikichomoka inavunja taya. Chuma cha kubania akilegeze yeye, polepole. Kazi yako wewe ni moja tu: kuiangalia ncha mpaka igote.

Macho yote mawili, Mjomba.