Mishubiri Anayoimwagilia Mama

Jumanne, Kabati

Na huu nao umeoza. Nimeushika majani ukang'oka wote, shina laini kama ndizi iliyopitiliza, linanuka. Jua la mwaka mzima halikuiweza mishubiri yangu. Maji ya Mama ndiyo yameimaliza.

Mama amesahau mengi. Jana aliniita kwa jina la dada yake, ambaye tulimzika zamani. Lakini kikombe chake cha plastiki hakisahau. Kila asubuhi anachota kwenye mtungi, maji niliyoyachimbua mtoni kwenye mchanga, na anapita mkebe kwa mkebe akiimwagilia mishubiri niliyoipanda humo. Nimemwambia mara ngapi kwamba mmea huu hautaki maji mengi.

Leo nilimfokea. Nikamnyang'anya kikombe. Akaniangalia kana kwamba mimi ni mgeni, akaniambia kwa heshima, "Mama, huku kwetu hatunyimi kitu maji."

Nikamrudishia kikombe. Tangu akiwa msichana amebeba maji mgongoni. Kwake hakuna namna nyingine ya kutunza kitu.

Nilitaka kuuza miche kule mjini Salama, kwa mama mmoja anayetengeneza sabuni ya mishubiri. Hayo yameisha. Na daktari alishasema Mama hatarudi alivyokuwa, tena itazidi. Nimeomba kanisani hadi nimechoka kuomba, na hilo siwezi kumwambia mtu.

Jioni niliirudisha mishubiri iliyooza kwenye mikebe, nikaiegemeza kwa mawe isimame. Haitapona, najua. Ni ili kesho akiamka, akute kitu cha kumwagilia.