Mama Alisema "Haya"

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unipimie jambo ambalo kwa kazi yangu nilipaswa kulipima mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, mwaka wa tisa huu nafundisha maadili na falsafa ya siasa, kwetu ni Malolo, Kilosa, na mwaka jana maofisa wa wilaya walinichukua kwa gari lao niwaeleze wazee wetu wa mlimani faida za kuhamia kijiji cha ujamaa kule bondeni, nami naiamini siasa hiyo, nikaeleza, kisha nikamuuliza mama yangu, Costancia, mbele ya watu wote kama amekubali, akatazama chini akasema, "Haya, mwanangu," na kwa kuwa ndiye mkubwa pale mlimani kaya kumi na moja zikamfuata, nami nikaandika makala juu ya maana ya hiari, mfano wangu mkuu ukiwa jibu lake, makala ikasifiwa, sasa inaingia kitabuni na ndiyo itakayonipandisha cheo. Juzi dada yangu Ida kaniandikia kwamba mama hajafungua mizigo tangu ahamie, kila asubuhi anapanda mlima kufagia kiwanja cha nyumba yake iliyobomolewa, na alipoulizwa alisema hakutaka kunikatalia mbele ya wageni. Mimi hajanilalamikia. Kwa kanuni za hoja, alikubali. Mhariri anangoja neno langu la mwisho Ijumaa. Je, niiache makala kama ilivyo?

Urbanus

Marahaba, Urbanus. Pole, maana naona limekukaa rohoni japo unaliandika kama ripoti ya kikao. Lakini acha kujitia hujui. Umekulia Malolo wewe. Mama akisema "haya" huku anatazama chini, hata mtoto anajua maongezi yamekwisha na hajakubali kitu. Ulijua siku ile ile, ila lilikufaa. Ulimuuliza mzazi mbele ya maofisa swali ambalo akikataa unaaibika wewe, akakusitiri, nawe ukaenda kupigiwa makofi.

Unaiamini siasa, sawa, sigombani nawe hapo. Mwambie mhariri airudishe makala, isiingie kitabuni, na sababu umpe. Kisha panda basi, gari la maofisa ulikatae. Kaa na mama jikoni, umwombe radhi, umwambie kwamba akikataa utasimama upande wake, ndipo umuulize tena. Akitaka kurudi, jitwishe mizigo yake umpandishe mlimani mchana kweupe, hizo kaya kumi na moja zikiona. Maofisa wakiuliza, wewe si ndiye mwalimu, waeleze. Na ukikosa cheo kwa hilo, ukose.