Mtani wa Mzee Kondo

Jumamosi, mwisho wa Oktoba, Temeke

Habari nimeshatuma, ila nina wasiwasi mhariri atabakiza hotuba na kumkata mtani.

Leo tamasha la utamaduni lilimkumbuka marehemu Mzee Kondo, Mzaramo aliyechonga ngoma za karibu mtaa mzima. Mgeni rasmi alikuwa katikati ya sifa wakati Mzee Maganga, Mnyamwezi na mtani wake, alipojilaza chini mbele ya picha ya marehemu.

"Mvivu mkubwa huyu," alisema. "Alichonga ngoma ili asishike jembe."

Mshereheshaji akaita walinzi wamtoe. Hilo liliniudhi. Mtu amepewa kipaza sauti Temeke, hajui kwamba mtani humtukana marehemu na wafiwa hawakasiriki?

Bi Mwanaidi, binti wa Mzee Kondo, akasimama. "Mwacheni. Nyie mnamsifu mtu nisiyemjua. Huyu ndiye anayemsema baba yangu."

Walinzi walirudi nyuma. Mzee Maganga aliendelea kutukana mpaka mgeni rasmi mwenyewe akacheka.

Wakati wa chakula nilimkuta mzee macho mekundu. Sikujua kama na hayo ni sehemu ya utani, nikamuuliza.

"Tulikubaliana atakayetangulia atukanwe na mwenzake," alisema. "Yeye kawahi. Mie sasa nani atanitukana?"

Bi Mwanaidi alikuwa anampakulia pilau. Hakuinua hata uso.

"Wewe kufa tu, Mnyamwezi wee. Mie nipo."